Nani anatembea? Maswali yenu kuhusu "walking", "broken" na wenzao

Toleo lililopita niliandika mistari michache juu ya maneno ya Kiingereza kama "walking", "broken" na "having finished", yale ambayo darasani huitwa "participle" na mimi hapa nitayaita patisipo. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi niliyopewa. Nimechagua zile zinazogusa matatizo niliyokuwa nikiyakuta kwenye madaftari ya wanafunzi wangu wa sekondari, Tanga na baadaye Moshi. Majina nimeyaacha, miji nimeibakiza.

*Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza stashahada ya uhasibu na natafuta kazi. Barua yangu ya maombi inaanza hivi: "Having completed my diploma in 2023, your company is the best place for me." Binamu yangu anasema sentensi ina kasoro lakini hawezi kunieleza ni ipi. Mimi kila nikiisoma naiona imenyooka. – Msomaji, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Binamu yako yuko sahihi. Jiulize swali moja tu: nani amemaliza stashahada? Ni wewe. Lakini sentensi yako, kwa sikio la Mwingereza, inasema kampuni ndiyo iliyohitimu mwaka 2023.

Unaiona imenyooka kwa sababu unaisoma kwa Kiswahili, na Kiswahili hakikuachi ukosee hapo. Kitenzi chetu hubeba mwenyewe mgongoni: *ni*kiwa natembea, *u*kiwa unatembea, *wa*kiwa wanatembea. Ukisema "Nikiwa natembea ufukweni, mvua ilianza kunyesha", hakuna atakayeuliza kama mvua ilikuwa inatembea, maana ile *ni-* imeshajibu. Neno "walking" halina *ni-* wala *u-* wala *wa-*. Limevuliwa nafsi. Kwa hiyo Mwingereza akisikia "walking on the beach" halafu mkato, anasubiri jina la kwanza litakalotajwa baada ya mkato, na kitendo anakikabidhi kwa huyo. Ukimwambia "Walking on the beach, the rain began", mvua inatembea. Ukimwambia "Walking on the beach, my phone was stolen", simu ina miguu.

Kati ya kanuni zote za patisipo, hii ndiyo ninayokusihi uishike: mwenye kitendo akae mara baada ya mkato. Barua yako basi isomeke: "Having completed my diploma in accounting in 2023, I am applying for the post of assistant accountant." Ukiona mwenyewe hakai vizuri hapo, rudisha nafsi kwenye kipande cha kwanza: "Since I completed my diploma in 2023, I have worked with my uncle's shop accounts." Hapo "I" imerudi mahali pake na baada ya mkato unaweza kuweka chochote. Na ile sifa ya kwamba kampuni yao ni bora kuliko zote, iondoe. Anayeajiri anataka kujua unachoweza kufanya.

Umeandika "having completed", si "completing", na hapo umepatia. "Having" inaonyesha jambo moja lilikwisha kabla ya jingine kuanza. Ukiandika "completing my diploma, I am applying" unaonekana bado uko chuoni.

Ile simu ya ufukweni nayo ina dawa, na dawa yenyewe inafanana na Kiswahili. Sisi hatusemi sana "simu yangu iliibiwa". Tunasema "niliibiwa simu", aliyeibiwa anatangulia. Kiingereza nacho kinaweza: "Walking on the beach, I had my phone stolen." Mtindo huo huo ndio wa saluni na kinyozi. Nilisukwa nywele ni "I had my hair plaited". Nimenyolewa ni "I've had my hair cut". Binti akisema "I plaited my hair" amesema alijisuka mwenyewe mbele ya kioo, na hapo msusi amenyimwa haki yake.

Usidhani kosa hili ni la wageni wa lugha tu. Katika tamthilia ya Hamlet, iliyoandikwa karibu mwaka 1600, mzimu wa mfalme unasimulia kwamba watu waliambiwa hivi: "sleeping in my orchard, a serpent stung me." Kwa kanuni niliyokupa, aliyelala bustanini ni nyoka. Lakini neno "me" liko palepale mwishoni na hakuna msikilizaji anayepotea. Shakespeare aliandikia jukwaa. Wewe unamwandikia afisa mwajiri mwenye rundo la barua mezani, kwa hiyo usimpe sababu ya kusita.

*Mwalimu, naandika barua za ofisi kila siku. Kwa kanuni yako, "Considering the distance, the allowance is small" itakuwa kosa, maana posho haiwezi kufikiria chochote. Mbona hata wakubwa wanaandika hivyo? – Karani, Dodoma*

Si kosa, na nashukuru umeuliza kabla wengine hawajaanza kukata sentensi nzuri kwa kalamu nyekundu. Kuna patisipo kadhaa zilizohama kundi. "Considering", "regarding", "concerning", "including", "following", "according to" zilikuwa vitenzi, leo ni vihusishi, na kihusishi hakidai mwenyewe. "During" ilitokana na kitenzi cha zamani "dure", yaani kudumu, ambacho hakitumiki tena. Hata "ago" ni patisipo kongwe yenye maana ya "iliyokwenda": "two years ago" ni miaka miwili iliyokwenda.

Kiswahili nacho kimepita njia hiyo hiyo. "Kuhusu", "kutoka" na "kupitia" vyote ni vitenzi kwa sura, lakini ukisema "barua kutoka Dodoma" huulizi nani anatoka. Kwa hiyo ukiweza kuweka "kuhusu", "kwa mujibu wa" au "kwa kuzingatia" mahali pa lile neno la Kiingereza na maana ikabaki, andika bila wasiwasi. "Regarding your letter of 3 March, the goods were sent last week" ni Kiingereza safi cha ofisi.

*Mwalimu, niko mapokezi kwenye hoteli moja kaskazini mwa Unguja. Mgeni aliniuliza mwenzake yuko wapi, nikamjibu "He has slept". Akabaki ananitazama. Baadaye msimamizi akaniambia ningesema "He is sleeping". Lakini tulifundishwa kuwa -me- ni "has". Amelala si "has slept"? – Msomaji, Nungwi*

Kati ya barua zote, hii ndiyo niliyoifurahia zaidi, kwa sababu aliyekufundisha hakukudanganya ila alikupa nusu.

Hiyo *-me-* yetu ina kazi mbili. Kuna *-me-* ya kitendo kilichokwisha: amefika, amekula, amelipa. Hiyo ni "has" na patisipo ya pili, ile ya jamii ya "broken": has arrived, has eaten, has paid. Halafu kuna *-me-* ya hali inayoendelea: amelala, amekaa, amesimama, amevaa, ameshika, amejificha. Mtu aliyesimama bado yuko wima mbele yako. Kwa hiyo Kiingereza kinatumia "is" na patisipo ya *-ing*: is sleeping, is sitting, is standing, is wearing, is holding, is hiding. Ulipomwambia mgeni "He has slept", alielewa kwamba mwenzake alikwishalala usingizi wake ukaisha, na sasa yu macho mahali fulani. Ndiyo maana akasubiri umalizie yuko wapi.

Nikupe kipimo ambacho wanafunzi wangu walikipenda. Weka "bado" mbele ya kitenzi. "Bado amelala" inakubali. "Bado amevaa koti" inakubali. "Bado amekula" inakataa, na "bado amelipa" inakataa. Inapokubali, usiguse "has". Nenda kwenye "is". Inapokataa, "has" ndiyo yenyewe. Kipimo hiki unaweza kukifanya kimoyomoyo wakati mgeni bado anakutazama.

Kipimo hicho hicho kitakusaidia na vitu vya chumbani. "Kioo kimevunjika", na bado kimevunjika: "The mirror is broken." "Mlango umefungwa kwa ufunguo": "The door is locked." "Hoteli imejaa" ni "The hotel is full", hapo hakuna hata patisipo. Kiyoyozi kikiharibika, tafadhali usiseme "has spoiled". Neno hilo waachie maziwa na samaki. Sema "The air conditioner is broken", au "is not working", nayo ni patisipo. Ukitaka kusema kuna mtu aliyekivunja kioo, yaani kimevunjwa, wala hakikuvunjika chenyewe, ndipo useme "has been broken". Kiingereza hakina *-ika* na *-wa* kama sisi. Neno "broken" linabeba zote mbili, na maneno ya jirani ndiyo yanayokueleza ipi imekusudiwa.

Na kwa kuwa uko mapokezi, chukua hii pia: meneja akiwa amekwenda Mjini na hajarudi, "He has gone to town". Akiwa amekwenda na kurudi, "He has been to town". Ukiyabadilisha hayo mawili, mgeni ataondoka wakati meneja yuko ofisini nyuma yako.

*Salaam Mwalimu. Mwanangu ameandika kwenye insha: "I am very interesting in football but mathematics is bored." Mwalimu wake amekata kwa wino mwekundu bila maelezo, na mimi mwenyewe Kiingereza changu ni cha kubangaiza. Nimweleweshe vipi? – Mzazi, Mombasa*

Salaam, mama. Mweleweshe kwa Kiswahili, maana tofauti hii anaijua tangu alipoanza kusema. Muulize: kazi imechoka au inachosha? Atakucheka. Kazi inachosha, mtu ndiye amechoka. Inayochosha ni "tiring", aliyechoka ni "tired". Endelea naye hivyo hivyo jioni mkiwa jikoni: habari inashangaza, "surprising", mimi nimeshangaa, "surprised". Ramani inachanganya, "confusing", mimi nimechanganyikiwa, "confused". Mpira unavutia, "interesting", mimi nimevutiwa, "interested". Na vijana wenyewe husema somo linaboa na wao wameboeka: "boring", "bored".

Kinachosababisha kinachukua *-ing*. Kinachopatwa kinachukua *-ed*. Hesabu haina moyo wa kuboeka, kwa hiyo haiwezi kuwa "bored". Naye mwanao akiandika "I am boring", anajitangaza kuwa yeye ndiye anayewaboa wenzake, na sidhani kama ndicho alichotaka kumwambia mwalimu. Insha yake isomeke: "I am very interested in football, but I find mathematics boring." Ile "in" baada ya "interested" aipate kwa kukariri, haina ujanja mwingine.

Tena, mama, kamwe usimwambie Kiingereza chako ni cha kubangaiza. Mwambie Kiswahili chako ni kizuri, kwa sababu ndicho kitakachomfundisha hili somo.

*Mwalimu, kwenye paketi ya chumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini nilisoma "boiled and cooled water". Jirani yangu akasisitiza kuwa maana yake ni maji yanayochemka. Nani kasoma vizuri? – Msomaji, Kigoma*

Wewe. "Boiled water" ni maji yaliyochemshwa, na sasa yanaweza kuwa baridi kabisa. "Boiling water" ni maji yanayochemka wakati huu huu, yenye mapovu, ya kuunguza. Na paketi imeongeza "cooled", yaani yaliyopozwa. Hapa herufi chache mwishoni mwa neno zinahusu koo la mtoto, kwa hiyo mwonyeshe jirani paketi yenyewe na mlisome pamoja.

Umenifungulia mlango wa jambo jingine. "Boiling water" ni maji yanayochemka na "running water" ni maji yanayotiririka. Je, "drinking water" ni maji yanayokunywa? Hapana, ni maji ya kunywa. "A sleeping child" ni mtoto aliyelala, lakini "a sleeping bag" ni mfuko wa kulalia, maana mfuko haulali. "Walking stick" ni mkongojo wa kutembelea. Unaona Kiswahili kinavyozitenganisha: upande mmoja *-nayo-* na *-liye-*, upande wa pili "ya kunywa" na "wa kulalia". Kiingereza cha kale nacho kilizitenganisha. Patisipo iliishia *-ende*, na jina la kitendo liliishia *-ung* au *-ing*. Karne zilivyopita miisho ile ilikaribiana hadi ikawa mmoja, na leo zote huvaa *-ing*. Wa kwanza ni patisipo, wa pili walimu humwita "gerund".

Faida yake kwa mwandishi wa barua ni hii: "I look forward to hear from you", ambayo naiona kila mahali, inatakiwa iwe "hearing". Hiyo "to" ni kihusishi, kama "kwenye", na kihusishi hudai jina. Jina la kitendo ni "hearing".

*Shikamoo Mwalimu. Nilisoma Tanzania, sasa mwanangu anasoma huku. Anasema "I have gotten". Nilimkataza, akasema mwalimu wake anasema hivyo. – Msomaji, Houston*

Marahaba. Mwachie. Waingereza wa leo husema "I have got", Wamarekani wamebaki na "gotten" ya zamani, na wanaitumia kwa akili: "I've got a car" ni nina gari, "I've gotten a car" ni nimepata gari. Hata Waingereza hawakuitupa yote, maana "forgotten" wanaitumia kila siku. Akija likizo kwa bibi yake aliyesomea vitabu vya Uingereza, atasikia "got". Vyote viwili ni Kiingereza.

*Mwalimu, kuna tofauti kati ya "concerned people" na "people concerned"? – Msomaji, Morogoro*

Ipo, na ni kubwa. "The people concerned" ni wahusika. "Concerned people" ni watu wenye wasiwasi. Patisipo ikikaa mbele ya jina huelekea kuwa sifa ya kudumu. Ikikaa nyuma hueleza kilichotokea au kinachohusika wakati ule tu. Angalia "used": "used clothes" ni mitumba, "the clothes used" ni zile nguo zilizotumika, tuseme kwenye igizo, hata kama zilitoka dukani mpya. Ukiandika taarifa ya kikao na ukataka kusema wahusika wamearifiwa, andika "the people concerned have been informed".

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha nne. Orodha ya vitenzi vya "go, went, gone" imenishinda. Nikisoma usiku, asubuhi imeshapotea. – Msomaji, Songea*

Marahaba, mjukuu wangu. Orodha iliyopangwa kwa alfabeti ni adui, kwa sababu inaweka pamoja maneno yasiyofanana. Ikate uipange upya kwa sauti. Kundi la kwanza: sung, rung, drunk, begun, swum, zote zina "u" katika umbo la tatu na "a" katika umbo la pili: sang, rang, drank, began, swam. Kundi la pili lina *-en*: broken, spoken, stolen, chosen, frozen. Kundi la tatu halibadiliki kabisa: cut, put, hit, shut, cost. Kundi la nne linaishia kwa sauti moja: bought, brought, thought, taught, caught, umbo la pili na la tatu ni sawa. Yatakayobaki nje ya makundi, kama "go", "see", "do" na "eat", ni machache, na hayo ndiyo unayatumia kila siku.

Kisha usikariri neno peke yake. Sema "have" kwa sauti kila mara: have gone, have seen, have done, have eaten. Mdomo ukizoea "have gone", siku ya mtihani "have went" itakukwaza ulimi kabla hujaiandika. Anza na kundi la "sung". Tunga sentensi moja kwa kila neno, kuhusu watu na vitu vya nyumbani kwenu, na unitumie. Nitakusahihishia kwa mkono wangu.